Mwanao yuko timu gani?

Mimi ni Team Kiba, yaani shabiki wa mwanamuziki Alikiba, tangu 2014, aliporudi na wimbo mpya baada ya kimya kirefu na Instagram ya Bongo ikagawanyika kati yake na mwanamuziki mwenzake Diamond. Nilikuwa mtu mzima na kazi yangu, na bado kuna komenti zilininyima usingizi. Kwa hiyo binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili, alipoanza kula huku simu kaifunika mezani, nilijua pa kuanzia.

Usianze na "kwani huyo msanii anakujua?" Hamjui, na mtoto analijua hilo kuliko wewe. Wanaomjua ni wenzake wa kwenye grupu la timu: wanamwamsha kupiga kura, wanampangia zamu ya kurudia video YouTube ipande juu, na siku akikiri kwamba upande wa pili nao wametoa ngoma kali, anaitwa msaliti. Msanii Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 niliona watu wa timu moja wakigeukiana, matusi mpaka ya wazazi.

Alikuja kunionyesha mwenyewe. Mtu alichukua picha yake ya profaili, akaivuta pua, akaandika "mashabiki wao wote wako hivi". Chini vicheko vimejaa, na viwili vilikuwa vya watoto wa darasani kwake. Hapo ndipo palipouma.

Simu sikumnyang'anya, angeazima ya rafiki, nami nisingeonyeshwa tena. Tulipiga picha ya skrini kwanza, ndipo tukamblokia yule mtu. Instagram ina sehemu ya kuficha komenti zenye maneno unayoyachagua, aliyaandika yeye, mengine mimi (jamani, matusi ya siku hizi!) sikuyajua. Profaili akaweka ua. Grupu tukalizima sauti kuanzia saa tatu usiku. Timu hakuhama wala sikumwomba ahame. Yeye ni wa Diamond, na jikoni tunabishana mpaka mboga inaungua.

Lakini akiacha kula, akigoma kwenda shule, au akitamka hata kwa utani kwamba heri afe, hayo si mambo ya mipangilio ya simu. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya ni hiyohiyo. Mpe na yeye aihifadhi. Huenda akapiga bila kukuambia; usimchunguze.