Msimjazie begi, mfundisheni kupika: jibu kwa walioko Tanga

Shikamooni wakubwa, na nyie wenzetu hamjambo. Kila kijana wa Ngamiani au Makorora anapopata nafasi ya kwenda Ujerumani, kusoma chuo au kujifunza uuguzi, nyumbani huulizwa hayo hayo: huko atakula nini, na tumfungashie nini? Chakula kipo. Asiyekuwepo ni wa kumpikia, na kula hotelini kila siku hela ya mwanafunzi haifiki. Basi akiwa bado anasubiri viza, aingie jikoni. Wavulana hasa.

Tuanze na begi, maana hapo ndipo akina mama wanapopoteza hela. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviingii hata kidogo. Kuku wa kukaanga, mishkaki na samli, vyote vitaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Matunda nayo tangu Desemba 2019 yanataka cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo machungwa ya Muheza na maembe yabaki. Yanayopita bila cheti ni nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani tu. Samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20, lakini papa mkavu msimtie: mwaka 2022 jamii kubwa ya papa iliingizwa kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa kimataifa, na bila kibali mwenye begi ndiye mwenye kesi. Mpeni iliki, mdalasini na pilipili manga za Amani, kavu, zimefungwa vizuri. Sufuria za alumini msimpe. Majiko mengine huko ni ya sumaku, na jiko hilo halipashi alumini. Sufuria ya huko ipimwe dukani kwa kipande cha sumaku: kikinata chini, inafaa.

Ugali wa sembe unapatikana, ila si duka lolote. Unga wa mahindi wa supamaketi za kawaida ni wa njano na wa chenga, haushiki. Aende maduka ya Waafrika, asome paketi vizuri, kwa sababu upo pia unga mweupe wa Amerika Kusini uliokwisha kupikwa kiwandani. Huo ukiupika kama sembe unakuwa mabonge. Mwenye kupenda bada, ugali wa muhogo, awe makini zaidi. Paketi nyingi za fufu, ugali wa Afrika Magharibi, ni viazi ulaya vilivyochanganywa na wanga, na kile kinachoitwa tapioka ni wanga mtupu wa muhogo, kikipata maji ya moto kinavutika kama gundi. Atafute paketi iliyoandikwa muhogo peke yake, au mumtilie kilo 2 za unga wa nyumbani.

Kusonga ugali kwenye jiko la umeme lenye uso wa kioo kuna madhara yake. Kioo hakipoi upesi kama moto wa gesi, kwa hiyo apunguze moto kabla ya kutia unga, la sivyo chini utaungua na juu ubaki mbichi. Na asisonge sufuria ikiwa juu ya kioo. Aishushe kwenye ubao wenye kitambaa kibichi, asonge hapo, kisha airudishe. Kioo kikichubuka au kupasuka, mwenye nyumba anakata kwenye amana.

Nazi ndiyo inayowapa wengi shida, na kwa mtu wa pwani bila tui hakuna chakula. Asihangaike na nazi kavu za huko, nyingi zimekaa sana mpaka zimechacha. Anunue kopo la 400 ml, ageuze asome: mafuta yawe gramu 17 au zaidi katika kila ml 100. Yenye gramu 6 au 7 ni maji meupe tu. Wakati wa baridi tui huganda juu, alikoroge kwanza. Hilo lote ni tui zito. La pili atalitengeneza kwa kuongeza maji, kopo moja kwa kopo moja. Kwa wali, gramu 500 za basmati aoshe, aroweke nusu saa, achuje, kisha kopo moja la tui na maji ml 350, chumvi na iliki. Likichemka, moto wa chini kabisa dakika 15, azime, asifunue dakika 10 nyingine. Kwa kuwa hakuna mkaa wa kupalia juu, anayetaka wali ukauke vizuri autie kwenye oveni, digrii 150, dakika 15.

Nyama ya halali haina taabu, maduka ya Waturuki yapo karibu kila mji, na humo kuna bamia, dengu na pilipili. Badala ya maziwa mgando kuna Dickmilch, ladha inakaribiana. Vibua wa barafu wanapatikana. Kisamvu kinauzwa kimegandishwa, tayari kimetwangwa, lakini kichemshwe saa nzima mfuniko wazi ili sumu yake itoke.

Mvuke huo sasa ndio ugomvi na mwenye nyumba. Madirisha ya huko yanafungwa kabisa na hayapitishi hewa, mvuke unashika ukutani, kuta zinaota ukungu mweusi, na mpangaji analipishwa. Afungue dirisha wazi kabisa dakika 5 mpaka 10, mara 2 au 3 kwa siku, hata theluji ikianguka. Kulifungua kidogo siku nzima kunapoza ukuta tu. Kutwanga baada ya saa 4 usiku hapana, na Jumapili maduka yamefungwa, manunuzi ni Jumamosi. Maji ya bomba ananywa bila kuchemsha.

Mwisho ni hela, na hapa tunaomba mtusikilize. Mwanafunzi wa chuo anatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu, na kila mwezi anaruhusiwa kutoa 992 tu. Humo mna kodi, bima ya afya, umeme, na ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Amana ya chumba inafika kodi ya miezi 3, ingawa sheria inaruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Akitajiwa kodi aulize kama ni Kaltmiete, maana hiyo haijahesabu joto wala maji. Kwa hiyo miezi mitatu minne ya mwanzo msimhesabu kwenye mchango wa harusi wala paa la nyumba. Akisema hana, hana.