Kutu kwenye upanga wa chuma chenye michirizi

Ndugu wa Mikindani, umeuliza kama msasa utaondoa vidoa vya kutu kwenye upanga wako wenye michirizi. Msasa uache kabisa, kwani michirizi hiyo hutokana na aina mbili za chuma zilizofuliwa pamoja, kisha bapa likachovywa katika asidi iliyoitia weusi aina moja na kuiacha ile yenye nikeli iking'aa. Ukisugua, mchoro utafifia. Paka mafuta ya cherehani, yaache usiku kucha, halafu futa taratibu kwa kitambaa laini cha pamba. Mafuta ya nazi, ingawa hayakosekani majumbani kwetu, huchacha na kunata. Ala ya ngozi ni ya kubebea tu, si ya kuhifadhia, kwa kuwa hunyonya unyevu wa pwani wenye chumvi na kuushikiza kwenye chuma.