Kabla Hujaichovya Modeli ya Utotoni kwenye Thina

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifungulia boksi la viatu juu ya meza yangu ya kazi, na kabla hajasema neno nilikwisha kujua alichofanya, maana harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilimtangulia mlangoni. Ndani mlikuwa na bodi ya gari la plastiki alilolijenga akiwa darasa la saba, paa limebonyea na nguzo za kioo cha mbele zimelala upande mmoja. “Mzee, niliilowesha kidogo tu,” akasema. Huyo ni wa tatu tangu Januari. Sikumgombeza, kwa sababu anayegombeza hupaswa awe na mikono safi, na habari za mikono yangu mtazisoma hapo chini. Hata hivyo nimechoka kuliona kosa lilelile likirudiwa na watu wenye akili timamu, na ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza sasa kuzishusha modeli zenu kutoka juu ya makabati ya wazazi.

1. Piga picha kila upande kabla hujagusa chochote, kisha osha vumbi kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, wala si ya moto, kwa kuwa plastiki hii huanza kulegea kabla maji hayajachemka.

2. Usibanduebandue kwa kisu. Gundi ya tyubu tuliyoitumia zamani iliyeyusha plastiki yenyewe, na pale ilipopakwa sawasawa vipande viwili vimekuwa kimoja. Lakini mtoto hupaka gundi nyingi pasipohitajika na kidogo panapohitajika, kwa hiyo viungo vingi ni dhaifu kuliko mnavyodhani. Iweke modeli kwenye friza usiku mzima, gundi ikakamae, kisha asubuhi uzungushe kila kipande taratibu mpaka usikie mlio mdogo. Mjulishe mapema mwenye friza. Mke wangu alikutana na modeli yangu ya Datsun katikati ya samaki, na mazungumzo yaliyofuata hayakuwa mafupi.

3. Sasa nije kwenye thina. Modeli yangu ni Datsun 240Z ya kipimo cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, ambayo mjomba alituletea kutoka Uingereza mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 11. Seti ile ilikuwa ya gari la kawaida la barabarani, bila stika yoyote ya mashindano, lakini nyumbani kwetu Nakuru hakuna aliyetaka gari la kwendea sokoni. Kaka yangu aliamua liwe lile lililoshinda mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller: jekundu, boneti nyeusi, namba 11. Mimi nilitaka lile la 1973, la Shekhar Mehta, kwa kuwa kufikia mwaka huo wa 1984 Mehta alikuwa ameshinda Safari mara 5, na kila mtoto wa mtaani kwetu alipopanda baiskeli alikuwa Mehta. Kaka ndiye aliyekuwa mkubwa, basi ikawa 11. Aliichora mlangoni kwa njiti ya ufagio aliyoichonga kwa wembe, rangi nyeusi juu ya nyeupe, ulimi ukiwa nje kwa umakini, nami nikamshikia tochi kwa sababu stima zilikuwa zimepotea.

Mwaka 2013 niliishusha nikaona aibu. Rangi ilikuwa nene kama uji, yenye michirizi na nywele tatu za brashi zilizogandia ubavuni. Ilikuwa enameli, yaani rangi ya mafuta, na enameli ya zamani hutoka kwa oili ya breki, ukivaa glavu, ukiwa na subira ya siku mbili tatu na mswaki mkuukuu. Nililijua hilo vizuri. Chupa ya oili ya breki ilikuwa rafuni, nimeipa mgongo. Lakini fundi mmoja wa rangi za magari alikuwa amenigawia nusu chupa ya soda ya thina, nami nilitaka kupaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, jioni ileile. Nikaimimina kwenye bakuli la plastiki, nikasubiri, bakuli halikudhurika, nikajiambia kwamba plastiki ni plastiki. Bakuli lile lilikuwa la polipropilini, ambayo thina haiiwezi. Modeli zetu ni za polistirini, ambayo thina huigeuza ute. Nikaichovya bodi. Papo hapo jirani akaita kwamba maji ya mfereji yamerudi, nikakimbia kujaza mitungi miwili.

Hazikuzidi dakika 6. Niliporudi, rangi ilikuwa ikielea vizuri ajabu, nikafurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikainyanyua bodi, na kidole gumba kikazama kwenye paa kama kwenye ugali ambao haujaiva. Nilipokitoa kilivuta uzi wa plastiki nyekundu. Hapo, wapendwa, ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kwanza: nilijaribu kuiokoa. Nikainyoosha nguzo moja, ikainama nyingine. Nikachukua kitambaa nikafuta mlango, na namba 11 ikaondoka kwa mfuto mmoja pamoja na mstari wa mlango, kishikio chake, na usiku mzima wa tochi.

Kama ningeitoa, nikaiegesha juu ya kitu kikavu na kuondoka, thina ingevukiza yenyewe, plastiki ikakaza tena, na hasara ingebaki kuwa mikunjo midogo ya kusuguliwa kwa msasa. Polistirini iliyolainika haina adui kama mkono wenye huruma.

Nilimpigia kaka simu kuungama. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hiyo ndiyo njia niliyoitafuta miaka yote ya kuandika namba ya Mehta.

4. Dawa yoyote ijaribu kwanza kwa tone moja chini ya sakafu ya gari, usubiri saa nzima. Na ukiisha kutumia oili ya breki, osha kwa sabuni mara tatu kabla ya praima.

5. Kromu iliyochakaa hutoka kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Vioo visiguswe na supagluu, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe; mikwaruzo midogo itoe kwa msasa wa maji wa 2000 na dawa ya meno. Matairi yavue leo hii, kwa maana kilainishi kilichomo kwenye matairi laini hutambaa polepole na kuila rimu, na mwenye modeli hulaumu joto la kabatini.

6. Mnapenda kuniuliza ni kipi cha kufanya upya na kipi cha kuacha. Miye sasa hufanya upya kilichovunjika na kuacha kilichokosewa. Paa nililijaza fila, ile lipu ya kuzibia mashimo, nikalisugua kwa msasa wa 400, 600, kisha 1000, na kwa nje limekuwa zuri. Kwa ndani alama ya kidole gumba ingalipo, nami sijaigusa. Gundi iliyomwagika kwenye dashibodi mwaka 1984 nimeiacha vilevile. Rangi nyekundu niliipulizia, maana ilikuwa imekwisha kuondoka. Namba ilimngoja kaka mpaka Krismasi, akaja na miwani yake ya kusomea, nikampa brashi nyembamba ya bei ghali, akaitazama, akaomba ufagio. Namba 11 ya sasa imepinda kushoto zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa maoni yangu, ingawa yeye anakana.

Yule kijana wa boksi nilimwambia aifunike bodi yake kwa karatasi, aiweke juu ya kabati na asiitie mkono kwa muda wa wiki mbili. Amekwisha kunipigia simu mara tatu kuuliza kama anaweza kunyoosha nguzo moja tu.