Ujue ukuta kwanza, jeni baadaye

Kila mwaka, wakati wa kuchagua mada za utafiti ukifika, hunijia wanafunzi wa biolojia, wa Unguja na wa Pemba, wakaniambia wanataka kufanya kazi ya jeni. Kompyuta wanazo, mifuatano ya jeni inapatikana bure mtandaoni, na hamu yao ni kubwa. Nafurahi sana kuwasikia. Ninachowashauri ni kimoja, na leo nakiandika ili na wengine wakisome. Ukitaka kujua jinsi jeni zinazojenga kuta za seli za mimea zilivyobadilika tangu kale, ujue kwanza ukuta wenyewe. Uushike, uukate, ujue umejengwa kwa nini, lini, na kwa kazi gani.

Sisi wa visiwani hatuna udhuru. Nimekulia Jambiani, na shangazi yangu alikuwa akifanya kazi ya makumbi, yale maganda mazito ya nje ya nazi. Makumbi hufukiwa pwani, yakawekewa mawe juu yasichukuliwe na maji, yakaachwa miezi kadhaa. Mle shimoni hewa ni haba, na bakteria hula pektini, ile gundi inayoshikanisha seli na seli. Selulosi, ile nyuzinyuzi inayojenga ukuta, na lignini, kitu kigumu kinachoukaza, haziliki upesi. Ndiyo maana yakifukuliwa na kupigwa kwa rungu, ile nyama laini huondoka na maji, usumba ukabaki mkononi, mrefu na mkakamavu, tayari kusokotwa kamba. Mwanafunzi akisimama hapo dakika chache, ameshaona pektini, selulosi na lignini zikitenganishwa mbele ya macho yake. Kila moja ina jeni zake, na kila moja ina historia yake.

Tuanze na selulosi. Jeni zinazoitengeneza zinaitwa CESA, na ushahidi mwingi unaelekeza kuwa asili yake ni bakteria, kabla mmea wowote haujaota nchi kavu. Tangu hapo zimejinakili mara nyingi. Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, una 10. Katika hizo, CESA1, CESA3 na jamii ya CESA6 hujenga ukuta wa kwanza, ule mwembamba wa seli inayokua. CESA4, CESA7 na CESA8 hujenga ukuta wa pili, mnene, unaowekwa seli ikishamaliza kukua. Usumba ni kazi ya ukuta wa pili. Mnazi hauongezeki unene wa shina kama mwembe unavyofanya, kwa hiyo nguvu yake ya kusimama na upepo wa kusi inategemea sana nyuzi za namna hii.

Sasa tazama Physcomitrium, mmea mdogo usio na mirija ya kupitishia maji, unaoota penye unyevunyevu, ambao jenomu yake (mfuatano wote wa urithi wake) ilichapishwa mwaka 2008. Nao una CESA, saba. Lakini ukizipanga kwenye mti wa nasaba hazijigawi kwa makundi yale ya mimea yenye maua. Zina ukoo wao peke yao. Maana yake mgawanyo wa kazi tunaouona kwenye mimea yenye maua haukuwapo kwa babu wa pamoja. Umetokea baadaye, jeni zilipojinakili na kila nakala ikashika njia yake.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwanafunzi anachukua jenomu ya mnazi, iliyochapishwa mwaka 2017, anatafuta jeni iliyofanana na CESA4, anaipata, kisha anaandika kwamba ndiyo inayotengeneza usumba. Mwanangu, kufanana kunakupa udugu tu. Kazi ya jeni inathibitishwa kwa njia nyingine. Mfano ninaoupenda ni wa mpunga. Mimea ya jamii ya nyasi ina aina ya glukani (mnyororo wa sukari) ukutani ambayo Arabidopsis haina. Mwaka 2006 watafiti walichukua jeni za mpunga ziitwazo CslF wakazitia ndani ya Arabidopsis, na glukani ile ikaonekana kwenye kuta zake. Huo ndio ushahidi. Kama huna uwezo wa kufanya jaribio kama hilo, na wengi wetu hatuna, basi andika kwa kiasi cha ulichokiona: jeni hii ni ndugu wa ile, na inafanya kazi katika tishu hii wakati huu.

Lignini inafundisha jambo jingine, gumu zaidi. Kitu kile kile kinaweza kuzuka mara mbili kwa njia mbalimbali. Selaginella, mmea wa ukoo wa kale wenye mirija lakini usio na mbegu, una lignini ya aina ya S, mojawapo ya aina za lignini, kama mimea yenye maua, ila kimeng'enya chake, yaani protini inayosaidia kuitengeneza, kimetokana na ukoo mwingine kabisa. Na mwaka 2009 lignini iliripotiwa ndani ya Calliarthron, mwani mwekundu wa pwani ya California. Kwa hiyo usiseme jeni ni zile zile kwa kuwa ukuta umefanana.

Nenda Paje maji yakitoka uone jambo hilo kwa macho. Mwani wanaoufunga akina mama kwenye kamba, spinosum na cottonii, ni mwani mwekundu. Ukuta wake umejaa karaginani, sukari iliyobeba salfeti, nayo ndiyo wanunuzi wanaoitaka. Kando yake pameota majani ya bahari, na mgeni akiyaona hudhani ni vitu vya ukoo mmoja. Sivyo. Majani ya bahari ni mimea yenye maua, ambayo wazee wake walitoka nchi kavu wakarudi baharini. Jenomu ya Zostera marina, jamaa yao wa bahari za baridi, ilichapishwa mwaka 2016. Imepoteza jeni za matundu ya kupumulia majanini, na kuta zake zina sukari zenye salfeti, kitu ambacho mimea ya nchi kavu haina kwa kawaida. Bahari imedai kitu kimoja kwa koo mbili, na kila ukoo umekijibu kwa jeni ulizokuwa nazo.

Kwa anayetaka kuanza na makumbi, tafuta mkwezi akuangulie kitale, dafu, koroma na nazi za mnazi mmoja. Kata vipande vyembamba kwa wembe mpya, utie floroglusinoli, dawa ya kupimia lignini, na asidi ya haidrokloriki, glavu mkononi na madirisha wazi, kisha utazame kwa hadubini. Penye lignini pataiva rangi nyekundu. Kwenye kitale wekundu utauona zaidi kuzunguka mirija, na kadiri tunda linavyokomaa unaenea mpaka nyuzi zote zimeiva.

Ukishaliona hilo, utajua pia pa kuchukua sampuli za RNA, zile nakala ambazo jeni hutoa inapofanya kazi. Wengi huchukua kumbi la nazi kavu kwa kuwa ndilo lenye usumba mgumu, wakaambulia patupu. Nyuzi zile zikishakauka seli zake zimekufa, na jeni zilizozijenga zimenyamaza zamani. Chukua tunda changa ambalo wekundu ndio kwanza unaenea, ukate vipande vidogo pale pale chini ya mnazi, uvitie mara moja kwenye dawa ya kuhifadhia RNA au kwenye naitrojeni ya kimiminika, iliyo baridi mno, na uandike kwenye chupa umri wa tunda tangu ua lilipofunguka.