Raga Yaman kwenye saksafoni

Ndugu yangu, unasema ukipuliza raga Yaman (raga ni utaratibu wa melodi katika muziki wa Kihindi) juu ya piano ya jazi, raga inapotea. Inapotea kweli, maana raga si ngazi ya noti tu. Yaman hupenda kupanda ni-re-ga (majina ya noti za Kihindi), ikiiruka sa, noti ya msingi. Piano ikibadilisha sauti kila mara, sa inakosa makao. Mwombe mpiga piano ashikilie sa na pa (noti ya tano) tu, dakika kumi nzima.

Kisha keti na mpiga tabla (ngoma mbili ndogo za Kihindi), mpige makofi ya tintali, mzunguko wa mapigo 16, hadi tihai yako (kifungu kinachorudiwa mara tatu) itue pigo la kwanza bila kuhesabu. Hapo usiharakishe hata kidogo! Shakti, bendi ya mpiga gitaa John McLaughlin iliyochanganya jazi na muziki wa Kihindi miaka ya 1970, haikuwa na piano kabisa. Isikilize.