Mchezo Umeununua, Bando Limekwisha: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu michezo ya kompyuta inayogoma kusakinishwa au isiyokoma kudai masasisho. Tumechagua nne.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninaishi Nyegezi. Mwezi uliopita nilinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mchezo wenye ukubwa unaokaribia GB 100. Nilidunduliza fedha za bando kwa wiki tatu, na kuupakua kulinichukua siku nne. Siku ya tano, nilipoketi nicheze, nikaambiwa kuna sasisho la GB 18. Baba mdogo ananicheka na kusema kwamba enzi zao walikuwa wanaweka diski na kucheza papo hapo. Je, ni kweli mambo yalikuwa mepesi hivyo? Na mimi nifanyeje? — Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Marahaba. Baba mdogo wako ama amesahau, ama alikuwa na mtu wa kumsakinishia. Mchezo wa kwanza niliousakinisha kwa mikono yangu hapa Mwanza, katikati ya miaka ya 1990, ulikuja katika disketi tisa zilizosafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya bahasha, kila moja ikibeba MB 1.44 tu. Uliketi mbele ya mashine ukizichomeka moja baada ya nyingine, na endapo disketi ya saba ilikuwa imeingia unyevu au vumbi, kompyuta ilisimama na kukuuliza kama unataka kuacha, kujaribu tena au kukubali kushindwa. Nilijaribu tena mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikangoja wiki mbili disketi nyingine iletwe.

Hiyo ilikuwa kazi ya kuuingiza tu, maana kuuwasha kulikuwa na balaa lake. Chini ya MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows 95, mchezo ulikutaka uueleze wewe kadi yako ya sauti iko katika anwani ipi, inatumia IRQ namba ngapi na DMA namba ngapi (njia zake za kuwasiliana na kompyuta), na wengi wetu tulikariri jibu kama kasida bila kujua maana yake: 220, 5, 1. Aliyekosea alicheza kimya kama bubu, au mashine iliganda. Halafu kulikuwa na ukuta wa KB 640. Hata kompyuta iliyokuwa na MB 8 za kumbukumbu ilizibana programu nyingi za MS-DOS katika KB 640 za mwanzo, na humo humo viendeshi (programu ndogo za kuendeshea vifaa) vya kipanya, vya sauti na vya CD vilikuwa vimeshajikatia viwanja vyao. Tulihariri mafaili ya CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, yanayosomwa kompyuta inapowaka, mstari kwa mstari ili tuokoe KB 10 au 20, na wapo waliotunza disketi maalumu ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya mchezo mmoja tu.

Labda baba mdogo anakumbuka miaka iliyofuata Windows 95, pale CD moja yenye MB 650 hivi ilipoiondoa foleni ya disketi, na programu ya kusakinisha ikawa inajifungua yenyewe ukishaiingiza. Kipindi hicho kilikuwa kitamu kweli, sitamnyang'anya. Hata hivyo, mchezo uliokuwa na kasoro ulikupeleka mjini kutafuta marekebisho kwenye intaneti kafe, ambako ulilipa kwa saa. Modemu ya kbps 56, kifaa cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu, hata ikifanya kazi kwa kasi yake ya juu kabisa, huchukua karibu dakika mbili na nusu kwa kila MB, kwa hiyo marekebisho ya MB 20 yalikula kama dakika 48 endapo laini haikukatika. Laini ilikatika.

Kilichobadilika hasa ni kwamba taabu zile zilikuwa na mwisho. Disketi ya tisa ikishakubali, mchezo ulibaki ulivyo mpaka kompyuta ilipokufa, kwa sababu aliyeutengeneza hakuwa na njia ya kuugusa tena. Steam ilianza Septemba 2003, na Novemba 2004 mchezo wa Half-Life 2 ukawalazimu hata walionunua diski dukani kujiunga na intaneti na kufungua akaunti kabla ya kucheza. Mwaka 2015 toleo la kompyuta la Grand Theft Auto V liliuzwa katika DVD saba, na bado lilihitaji masasisho; leo kasha la dukani mara nyingi lina karatasi yenye namba ya kupakulia tu. Mtengenezaji anajua kwamba anaweza kurudi nyumbani kwako wakati wowote kurekebisha, na mimi ninaamini (haya ni maoni yangu) kwamba ujuzi huo umewapunguzia wengi wao haraka ya kumaliza kazi kabla ya kuuza.

Kuhusu GB 18 zako: picha, sauti na ramani za mchezo hufungwa ndani ya mafaili machache makubwa sana, mfano wa dagaa katika magunia pale soko la Mwaloni. Steam hulinganisha mafaili hayo kwa vipande vya kama MB 1 kila kimoja na hupakua vile vilivyobadilika tu. Lakini ikiwa watengenezaji wamechanganya upya yaliyomo katika kila gunia, vipande vingi huonekana vipya hata kama lililoongezwa ni silaha mbili na kofia. Isitoshe, faili zima huandikwa upya katika diski kuu, na ndiyo sababu wakati mwingine kupakua kumekwisha lakini kompyuta bado inahangaika kwa saa nzima, hasa yenye diski ya kuzunguka. Acha nafasi ya kutosha. Diski iliyojaa pomoni hulikwamisha sasisho katikati.

Jifunze pia kuhesabu kabla ya kununua kifurushi. Mbps 10 unazotangaziwa ni megabiti, na biti nane ndizo hufanya baiti moja. Kwa kasi hiyo isiyoyumba, GB 18 zinahitaji saa nne, na GB 100 zinahitaji saa 22 na zaidi kidogo. Baada ya hapo, fungua sifa za mchezo huo ndani ya Steam, nenda penye masasisho, na uchague usasishwe pale tu unapoufungua. Katika mipangilio ya upakuaji unaweza vilevile kupanga masasisho yafanyike usiku, ikiwa bando lako ni la usiku. Siku ambayo huna bando, weka Steam katika hali ya nje ya mtandao kabla haijapata habari za toleo jipya, ucheze toleo ulilonalo; mchezo wa kushindana na watu mtandaoni hautakubali, lakini wa peke yako mara nyingi utakubali. Umeme ukikatika katikati ya kupakua, usifute kitu. Steam huendelea ilipoishia, na mchezo ukigoma baadaye, agiza mafaili yake yahakikiwe ili yaliyoharibika pekee ndiyo yapakuliwe upya.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu Nansio, Ukerewe. Mimi na rafiki yangu wa Kirumba tumenunua mchezo uleule, kila mmoja kwa akaunti yake. Kwa kuwa intaneti yake ni nzuri, nilivuka kwa meli na flashi ya GB 32 ili ninakili mafaili yake ya GB 24. Faili moja la GB 6 lilikataa kabisa, kompyuta ikidai kuwa ni kubwa mno, ilhali flashi ilikuwa tupu. Nimerudi mikono mitupu. Je, flashi ni mbovu? — Mwalimu, Nansio

JIBU: Flashi yako ni nzima, Mwalimu. Flashi za GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa mafaili uitwao FAT32, ambao huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa hivyo inaishia GB 4. Faili linalozidi hapo halipokelewi hata flashi ikiwa na nafasi ya kulala ng'ombe. Hamisha kwanza vitu vyako vyote, kwa sababu hatua inayofuata huvifuta. Kisha bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua kuifomati, na penye mfumo wa mafaili weka exFAT, usio na kikomo hicho. Usiifanyie hivyo flashi ya nyimbo, maana sabufa nyingi na redio za magari husoma FAT32 peke yake.

Utakapovuka tena, mwombe rafiki yako asasishe mchezo wake asubuhi ya siku hiyo, la sivyo utabeba toleo la zamani na kudaiwa bando ukifika nyumbani. Nakili folda ya mchezo iliyomo ndani ya steamapps, katika folda ndogo ya common, uiweke mahali hapo hapo katika kompyuta yako, kisha bonyeza kusakinisha. Steam itayakagua mafaili iliyoyakuta na kupakua yanayopungua tu. Kama una kompyuta mpakato, ibebe yenyewe na uiache flashi: tangu mwaka 2023 Steam inaweza kuhamisha mchezo kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwenye ruta moja, mkiwa marafiki ndani ya Steam na mkiruhusu jambo hilo katika mipangilio, na mafaili hayo hayapiti katika bando la mtu yeyote.

SWALI: Ninayo CD halisi ya mchezo niliyonunua mwaka 2002, haina hata mkwaruzo. Kompyuta mpya yenye Windows 10 inausakinisha vizuri lakini inakataa kuuwasha. Kijana wa dukani anasema CD imekufa. — Mstaafu, Isamilo

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. CD iliyosomeka mpaka mwisho wa kusakinisha haijafa, na kijana huyo asikuuzie kisomaji kipya. Michezo mingi ya miaka hiyo ilikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, mojawapo ikiitwa SafeDisc, ambayo ilitegemea kiendeshi kilichokaa ndani kabisa ya Windows. Kiendeshi hicho kilikuwa mwanya wa kiusalama, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 Microsoft haikukiruhusu tena. Hivyo mwenye CD halali anazuiwa na kufuli lililotengenezwa kwa ajili ya wezi. Kama mchezo wako unauzwa katika duka la GOG, lililoanza mwaka 2008 likiuza michezo ya zamani, unaweza kuununua upya bila kufuli, na faili lake la kusakinishia ukalihifadhi popote upendapo. Njia nyingine ni kompyuta kuukuu yenye Windows XP, ambayo usiiunganishe na intaneti. Kama una michezo ya MS-DOS, iwashe kwa programu ya bure iitwayo DOSBox. Vifaili vya kuondoa kinga vinavyogawiwa ovyo mtandaoni viache. Vingi huja na virusi.

SWALI: Nina banda la gemu Igoma. Nikinunua diski za PlayStation 4, nitaepuka masasisho? — Mwenye banda, Igoma

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mashine itanakili mchezo kutoka kwenye diski kwenda katika diski kuu, jambo linaloweza kuchukua muda, na baada ya hapo michezo mingi ya mchezaji mmoja au ya wawili kochini hucheza bila intaneti mradi diski imo ndani. Utakuwa unacheza toleo lililochapwa kiwandani pamoja na kasoro zake. Mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipotoka Desemba 2020 ulikuwa mbovu kiasi kwamba Sony, watengenezaji wa PlayStation, waliuondoa katika duka lao la mtandaoni mwezi huohuo na kuurudisha Juni 2021; aliyekuwa na diski ya kwanza bila intaneti alibaki na ubovu ule. Kwa hiyo usiwahi kununua mchezo mpya wiki ya kwanza. Ngoja toleo lililokusanya nyongeza zote, na kabla ya kulipia uliza kama nyongeza hizo zimo kwenye diski au ni namba ya kupakulia.

Masasisho ya michezo yenyewe hayaletwi kwa flashi, lakini ya mfumo wa PlayStation 4 huletwa. Tengeneza folda iitwayo PS4, ndani yake folda iitwayo UPDATE, zote kwa herufi kubwa, kisha weka humo faili la PS4UPDATE.PUP lililopakuliwa kutoka tovuti ya PlayStation, na mashine italiona ukichagua kusasisha mfumo kwa flashi. FAT32 inatosha kwa kazi hii.