Jibu: Farasi ana kidonda mabegani, ninunue blanketi nene?

Ndugu yangu, umeuliza kama blanketi nene la sufu chini ya tandiko litamsaidia. Usinunue kwanza. Tandiko linalobana ukiliongezea unene chini yake litabana zaidi, kama soksi nzito ndani ya kiatu kidogo. Mpumzishe apone kabisa, kisha fundi alikague tandiko lenyewe.

Siku ya kumtandika, weka blanketi mbele kidogo ya mahali pake, ulivute nyuma ili manyoya ya farasi yalale. Ukishaweka tandiko juu yake, kabla ya kukaza mkanda wake, linyanyue blanketi katikati, lisigandamane na mfupa wa mabega. Hapa wengi hukosea! Ukishuka, tazama jasho: palipobaki pakavu upande mmoja, huku pembeni kote pamelowa, mara nyingi ndipo panapobanwa.